Uhakiki wa Modem-HOWTO: Ufasaha wa Maelekezo

Aghalabu uhakiki wetu hushughulika na mashairi, hadithi na tamthilia, na vitabu vya maelekezo ya ufundi huachiwa mafundi wenyewe. Mazoea hayo yana hasara. Mtungaji wa maelekezo naye ni mtungaji: huchagua neno, hupanga hoja, humwongoza msomaji, na kosa lake hudhihirika upesi kuliko kosa la mshairi, kwa kuwa chombo kilichoelekezwa vibaya hukataa kufanya kazi. Kwa sababu hiyo tumekusudia kulipima hapa andiko moja la namna hiyo, nalo ni Modem-HOWTO la David S. Lawyer, lililomo katika mkusanyo wa Linux Documentation Project. Shabaha yake ni kumwezesha mtu mwenye kompyuta ya Linux kuunganisha modemu na kuitumia katika laini ya simu. Tunalihakiki kwa toleo lake la mwaka 2007.

Yamkini msomaji atauliza faida ya kuhakiki andiko juu ya chombo ambacho wakati wake umepita. Ni kweli kwamba njia ya kuingia katika intaneti kwa kupiga nambari ya simu imeachwa na walio wengi. Kampuni ya AOL ya Marekani, iliyojulikana mno kwa huduma hiyo, iliifunga tarehe 30 Septemba 2025. Walakini wako watu ambao hata sasa hupenda kuzifufua kompyuta kongwe. Na zaidi ya hayo, chombo kikongwe kina fadhila kwa mhakiki. Hapana tena tangazo wala bei ya kututia upofu, nasi twaweza kuyapima maneno peke yake. Swali letu ni hili: je, maelekezo humfanya msomaji awe mjuzi, au humfanya mtii tu?

Kwanza yafaa tuieleze kazi yenyewe. Kompyuta huwasiliana kwa tarakimu mbili, 0 na 1, ilhali waya wa simu ulitengenezwa kupitisha sauti ya mwanadamu. Modemu huzigeuza tarakimu kuwa milio, na modemu ya upande wa pili huirudisha milio kuwa tarakimu. Modemu ya Hayes ya mwaka 1981 ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Kanuni ya V.90 ya mwaka 1998 iliruhusu kupokea hadi biti 56,000. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, ilikua katika miaka hiyo hiyo, na wengi wa watumiaji wake wa awali waliipata dunia kwa njia ya simu.

Sifa ya kwanza ya andiko hili ni kwamba halimfichi msomaji habari mbaya. Mapema kabisa mwandishi huonya kwamba ziko modemu nyingi ambazo huenda zisifanye kazi katika Linux hata kidogo. Modemu ya nje, yenye kisanduku chake na waya wake, aghalabu haina taabu, kwa sababu akili yake imo ndani yake. Lakini ziko modemu za ndani ambazo watengenezaji walizipunguzia gharama kwa kuziondolea akili hiyo, kazi yake ikatwikwa kompyuta yenyewe kwa njia ya programu endeshi. Na programu hiyo mara nyingi iliandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Modemu hizo zimezoewa kuitwa winmodem. Neno hilo lilikuwa alama ya biashara ya kampuni ya U.S. Robotics, kisha watu wakalifanya kuwa jina la jamii nzima. Hapa msomi wa lugha hana budi kusita. Jina hilo lamwambia msomaji chombo hicho kilikuwa cha nani. Halimwambii kina upungufu gani. Kama tungeziita modemu tegemezi, jina lenyewe lingekuwa limekwisha kufundisha nusu ya somo.

Sifa ya pili ni kwamba mwandishi hayaachi majina ya Linux yabaki kuwa hirizi. Msomaji huambiwa kwamba mlango ambao Windows huuita COM1, Linux huuita /dev/ttyS0. Herufi tty ni mabaki ya jina la mashine ya kupigia chapa kwa waya, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa kinywa cha kompyuta. S ni ya mlango upitishao biti moja moja kwa mfuatano. Na 0 ni mlango wa kwanza, maana hesabu huanzia hapo. Jambo hili halipasi kumshangaza Mswahili. Neno letu simu asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, nasi leo twaitia mfukoni simu isiyo na waya wowote. Majina huishi kuliko vitu vyake. Mwalimu mzuri hulieleza kaburi hilo, hapiti juu yake kimya.

Kadhalika mwandishi hulikosoa jina linapodanganya. Kuna amri iitwayo setserial, ambayo kwa jina lake mtu angedhani kwamba huupanga mlango. Lawyer amesisitiza kwamba sivyo: amri hiyo huiambia programu endeshi tu kwamba mlango uko wapi na hutumia nambari gani ya ukatizaji; chombo chenyewe hakibadiliki. Kwa mlango wa kwanza, kwa desturi, anwani ni 3F8 na ukatizaji ni wa nambari 4. Programu ikiambiwa uongo juu ya nambari hiyo, modemu haifi, bali huwa nzito kupita kiasi, na maneno hutokea katika kioo baada ya kungojewa sana. Mwandishi ameiunganisha dalili na sababu yake, na msomaji aliyekuwa akiilaumu laini ya simu huelekezwa mahali penye kosa. Hapo ndipo maelekezo yanapokuwa elimu.

Sasa tuje katika kasoro. Kubwa ni kwamba andiko hili halimfikishi msafiri mwisho wa safari. Modemu ikisha kujibu na kupiga, bado kompyuta mbili hazina budi kukubaliana juu ya kanuni iitwayo PPP, ndipo intaneti ipatikane. Na sehemu hiyo mwandishi amewaachia wengine katika andiko jingine. Kwa mpangaji wa maktaba mgawanyo huo una mantiki; kwa mtu aliyeketi mbele ya mashine bubu ni sawa na kuvushwa nusu ya mto. Pili, andiko huwahudumia wasomaji wawili kwa pamoja, yule atakaye kupiga simu na yule atakaye kupokea simu za wengine, na mara kwa mara wa kwanza hulazimika kuyaruka mambo ya wa pili bila ya kujua kama ameruka lililo lake.

Na hasara ya mgawanyo ule si ya safari tu, maana sehemu iliyoachwa nje ndiyo ambayo mpenzi wa lugha angeifurahia zaidi. Kuna programu iitwayo chat, ambayo hati yake ni majibizano matupu: ngoja neno hili, kisha sema hili. Kompyuta husema ATZ, hungoja OK. Husema ATDT pamoja na nambari ya simu, hungoja CONNECT. Kisha hungoja kuulizwa jina. Katika hati nyingi neno linalongojewa huandikwa ogin, bila ya herufi ya kwanza, na la nywila huandikwa ssword, kwa sababu mtunzi wa hati hajui kama upande wa pili utaanza kwa herufi kubwa au ndogo, naye hataki mazungumzo yavunjike kwa tofauti hiyo. Nani kati ya wahariri wa miswada ya kale asiyeijua hekima hiyo, ya kushika sehemu ya neno isiyobadilika?

Wako watakaosema kwamba maelezo yote haya hayakuwa na haja, madhali programu ya wvdial iliweza kuitafuta modemu yenyewe, kuiandika katika faili lake la mipango, na kupiga simu mtu akiisha kujaza nambari, jina na nywila. Hatuibezi programu hiyo, iliwaokoa wengi. Lakini siku iliposhindwa, aliyeitegemea peke yake hakuwa na neno la kumwongoza. Asiyejua maana haambiwi maana.

Hapa ndipo suala hili linapotugusa sisi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake, na istilahi zake zilithibitisha kwamba lugha yetu haikosi majina. Lakini jina katika kioo humwonyesha mtu pa kubonyeza. Halimwelezi kwa nini pamegoma. Tumejadiliana miaka mingi kama tuseme kompyuta au tarakilishi, na huku maelezo yenyewe, aya kwa aya, yamebaki machache. Istilahi ni tofali. Nyumba ni sentensi.

Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili ni kizito kwa kazi hii. Tujaribu: Andika AT, kisha bonyeza Enter. Modemu isipojibu, usihangaike na laini ya simu. Kosa liko kati ya kompyuta na modemu. Ikijibu OK, mlango na waya wake ni wazima, usiviguse tena. Ikijibu OK, lakini ikiamriwa kupiga ikasema NO DIALTONE, tazama waya wa ukutani. Na waya ukiwa mzima, huenda mlio wa simu wa nchi yako si ule ambao modemu ilifundishwa kuungoja. Basi tanguliza ATX3, nayo itapiga pasipo kuungoja.

Msomaji ataona kwamba viambishi vyetu vya -ki-, -sipo- na -ka- vimebeba ndani ya neno moja sharti, kinyume chake na kifuatacho, mambo ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kutafuta kosa katika chombo chochote. Vifaa vya lugha tunavyo. Pungufu ni watungaji wa kuvitumia.

Kwa jumla, Modem-HOWTO ni kazi yenye mpango mzito na ukamilifu wenye pengo, lakini ina uaminifu ambao vitabu vingi vya ufundi havina: humpa msomaji sababu pamoja na amri. Modemu zitaendelea kupungua, na vyombo vingine vitakuja na taabu zao. Mtu atakayevieleza kwa Kiswahili na aige uaminifu huo, aanze pale msomaji alipo, wala asimwache katikati ya mto.