Hongereni, Mafundi wa Sauti

Nilipoanza mafunzo kwa vitendo kwenye utengenezaji wa filamu Dar es Salaam, macho yangu yote yalikuwa kwa kamera. Nikapangwa kumsaidia fundi wa sauti. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mti mrefu wenye maikrofoni nchani, niushike juu ya vichwa vya waigizaji bila kuingia kwenye picha wala kuangusha kivuli. Hadi jioni mabega yaliwaka moto.

Hapo ndipo nilipojifunza kusikia. Jokofu huzimwa kabla ya kurekodi. Bajaji ikipita au adhana ikianza, tunasubiri. Kibao kikigongwa mbele ya kamera, mlio ule mmoja humsaidia mhariri kuoanisha picha na sauti zilizonaswa kwa vifaa viwili tofauti. Na kabla ya kuhama, wote hunyamaza kwa nusu dakika ili fundi anase ukimya wa chumba. Kila chumba kina ukimya wake, nao ndio huziba nyufa wakati wa uhariri.

Zaidi ya ufundi, nilijifunza ujasiri. Watu wamechoka, jua linazama, na fundi wangu anainua mkono: “Turudie, kuna ndege imepita.” Kunyamaza kungekuwa rahisi, lakini angemdhulumu mtazamaji.

Kazi ya mafundi wa sauti ikiwa njema, hakuna anayeitambua. Mimi naitambua. Filamu ikiisha, siinuki mpaka majina yao yapite. Hongereni sana.