Neno "play" mikononi mwa Mchina

Vitabu vya msamiati wanavyokariri vijana wa China kabla ya mitihani ya Kiingereza hupanga maneno kwa alfabeti, kila moja na tafsiri fupi ya Kichina. Kwa neno kama oksijeni, njia hiyo inatosha. Kwa "play" inapotosha.

Tafsiri inayotangulia ni "wan": kujifurahisha, kama mtoto na mwanasesere wake. Lakini mpiga piano hapewi kitenzi hicho. Piano ina "tan", kitenzi cha vidole. Fidla ina "la", kuvuta, kwa ajili ya upinde wake. Filimbi ni "chui", kupuliza. Ngoma ni "da", kupiga. Mpira wa kikapu nao ni "da", ila kandanda huchukua "ti", kupiga teke. Sataranji ni "xia", kuteremsha kete ubaoni. Mwigizaji ana "yan", santuri ina "fang". Kiingereza kinatazama shughuli. Kichina kinauliza mwili unafanya nini. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa: nasi hucheza mpira, tukapiga gitaa, tukapuliza filimbi. Hata simu tunaipiga, na Wachina wanaipiga kwa "da" ileile.

Madhara makubwa, kwa maoni yangu, huja mwanafunzi anapoanza kusema. "Wan" ina eneo lake pana: watu wazima wakitoka kula na kupiga soga, Kichina husema wame-"wan". Basi kijana wa chuo hutangaza kwa Kiingereza kwamba Jumamosi ata-"play" na rafiki zake, na Mwingereza anawaza watoto wa chekechea. Sarufi yake ni safi, ndiyo maana mwalimu hulipita kosa bila kuliona.

A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza Japani, alitoa pamoja na wenzake kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942. Walikazia miundo ya vitenzi: kitenzi hufuatwa na nini. Kutoka hapo ilizaliwa kamusi ya Oxford ya wanafunzi, ambayo China inaitumia katika toleo la lugha mbili, lenye mifano tele. Orodha za mitihani hubeba tafsiri na kuiacha mifano, yaani zinaacha kilicho bora.

Ningeziandika upya. "Play the violin" ipate mstari wake na "la", "play chess" na "xia", na "play" ikiwa peke yake isipewe tafsiri kabisa. Kurasa zitaongezeka, sawa. Lakini hata maana ya fundi wa magari, ule ulegevu wa usukani kabla magurudumu hayajaanza kugeuka, itapata mahali pake.