Mnara, Wimbi na Mtu Mlangoni

Picha ya mnara wa taa wa La Jument, pwani ya Bretagne, Ufaransa, aliyoipiga Jean Guichard kutoka katika helikopta tarehe 21 Desemba 1989, husifiwa mno kwa ajili ya wimbi lake. Sifa hiyo yakosa shabaha. Bahari ya majira ya baridi ina rangi chache; hata ikichapishwa kwa nyeusi na nyeupe, picha haitapungukiwa na kitu. Kiini chake ni mlinzi, Théodore Malgorn, aliyesimama mlangoni akidhani waokoaji wamefika. Mtazamaji humhesabu miongoni mwa wafu, ilhali alirudi ndani akapona. Picha haisemi uongo. Hunyamaza mapema tu, na umaarufu wake (jambo lisilokiriwa sana) watokana na kimya hicho.