Mita Kumi Kila Upande

Kutoka Embu mjini hadi Meru mjini ni takriban kilomita 70 ukipima kama ndege arukavyo, ila barabara haina habari na hesabu hiyo. Inashuka na kupanda mabonde yaliyochimbwa na mito ya Mlima Kenya, Thuci, Ruguti na Nithi ikiwemo. Redio ndogo ya mkononi, ile ya megahezi 144 hadi 146, sauti yake husafiri karibu kadiri jicho linavyoona. Ukiteremka bonde la Nithi, imekwisha. Simu nayo hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme. Tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, tuliona jinsi tegemeo hilo lilivyo jembamba.

Ndiyo maana nausifu ufundi wa kuunda redio ya ridhaa ya kubebeka, na zaidi ya yote nausifu waya wake, yaani antena. Wanaoanza huulizia redio. Redio inanunuliwa: Yaesu FT-818, kwa mfano, ya wati 6, ina uzito wa kilo moja na ushei ikiwa na betri. Waya unautengeneza mwenyewe, na huo ndio unaoamua kama Embu itakusikia.

Kupata urefu wa waya kwa mita, chukua 143, gawanya kwa megahezi. Kwa 7.110, masafa ambayo waendeshaji wa Afrika na Ulaya wamekubaliana kukutania wakati wa dharura, unapata mita 20 na kidogo, yaani mita 10 kila upande. Kata waya uzidi kidogo. Vihami vya ncha vinatoka kwenye kipande cha bomba la plastiki la maji, ukikitoboa matundu mawili. Katikati, ifunge kebo inayotoka kwenye redio kwanza kwenye kihami ndipo uilehemu kwenye waya, ili uzito wake usining'inie kwenye lehemu. Sasa pandisha, pima mawimbi yanayorudi redioni, shusha, kunja kila ncha sentimita chache na uisokotee juu ya waya wenyewe, pandisha tena. Usikate, waya uliokunjwa hukunjuka, uliokatwa haurefuki. Kazi hii haina njia ya mkato, na sijui nyingine inayomfunza mtu kusikiliza kitu chake vizuri kuliko hii.

Kisha kuna suala la kimo, na hapa ndipo uzuri ulipo. Anayetaka kuongea na Ulaya huinua antena juu kabisa. Anayetaka kumpata jirani wa ng'ambo ya mlima huiweka mita tatu au nne tu kutoka ardhini. Waya wa chini hivyo hurusha wimbi karibu wima, likafika kwenye tabaka la anga liitwalo ayonosifia, kisha likarudi kama mvua, bondeni na mgongoni sawasawa. Nithi haizuii kitu. Usiku tabaka hilo hudhoofika, na megahezi 7 zinaweza kupenya zisirudi; basi uwe na waya wa pili, wa megahezi 3.7, wenye urefu karibu maradufu.

Ukiwa Runyenjes au Nkubu, kwenye barabara hiyo ya Meru, huhangaiki kutafuta nguzo, migrevilea imejaa mipakani mwa mashamba. Funga jiwe kwenye kamba ya katani, rusha juu ya tawi. Lakini ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria ukaupita msitu, miti hakuna, beba fito. Huko baridi ndiyo adui wa betri. Betri ya lithiamu na fosfati ya chuma ni nyepesi na hudumu, ila haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Ukilala kambi ya Mintos, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, ilaze ndani ya mfuko wako wa kulalia, na paneli ya sola isubiri hadi betri ipate joto.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na jina lako la hewani huanza na 5Z4. Biashara hairuhusiwi, wala maneno ya mafumbo ya kuficha habari. Sharti hilo nalipenda: unachosema, yeyote mwenye redio anakisikia.

Ukimaliza, zungusha waya kwa umbo la nane usije ukajisokota, weka vyote kwenye ndoo yenye kifuniko. Ndani ya kifuniko bandika karatasi: masafa ya mchana, masafa ya usiku, saa mliyokubaliana na wenzako, na onyo la kushusha waya radi ikianza.