Mfagio wa Herbert
George Herbert, aliyepata kuwa msemaji wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alifariki mwaka 1633 akiwa kasisi wa kijiji cha Bemerton, na mashairi yake yakapigwa chapa mwaka huo huo. Katika "The Elixir", mtumishi afagiaye chumba kwa ajili ya Mungu hukifanya kizuri chumba, na kazi yenyewe pia. Wazo hilo lapendeza. Lakini mshika kalamu siye mshika mfagio, na ni rahisi kumsifia mwingine vumbi lake. "Gratefulnesse" ndilo shairi lenye ukweli zaidi. Humo mshairi, aliyekwisha kupewa mengi, aomba kimoja tena: moyo wa shukrani. Hata kushukuru, basi, hakuwezi kwa nguvu zake. Hubisha na kubisha mlangoni kama mwombaji asiye na haya.