Jua la Isimila

Taa ya jua ndani ya programu ya kutengenezea gemu haina mahali. Isogeze kona hadi kona ya mandhari, hakuna kitakachobadilika, kwa kuwa miale yake yote huenda sambamba kama mistari ya daftari. Izungushe, ndipo vivuli vinageuka. Nilikesha usiku mzima kabla ya kuling'amua hilo, na tangu usiku ule naiheshimu kazi ya mwanga kama ninavyomheshimu seremala.

Natumia Godot, programu iliyoanzia Argentina na ambayo tangu 2014 mtu yeyote anaipata bure. Nilikuwa nikijenga nguzo za Isimila, zile zilizochongwa na maji korongoni, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini ukishika barabara ya Mbeya. Wengi huenda kule kuona zana za mawe za watu wa kale. Mimi nilizifuata nguzo. Umbo nililipata mapema, lakini zilikaa kama maboksi yaliyopakwa rangi. Nikaongeza taa. Ya pili, ya tatu, ya sita. Kila kitu kikang'aa, jicho likakosa pa kutua.

Nikazizima zote, nikabaki na jua peke yake. Mafunzo niliyokuwa nikiyafuata yalitengenezwa Ulaya, ambako jua la saa sita mchana hukaa kusini mwaka mzima. Kwetu mwanzoni mwa Julai ni kinyume: saa sita jua liko kaskazini, limeinuka nyuzi 59 hivi, na kivuli huangukia kusini. Nikaligeuza. Kisha nikalishusha hadi saa kumi na moja jioni, nikalitia rangi ya chungwa bivu. Mifereji iliyochimbwa na mvua ubavuni mwa kila nguzo ikajitokeza, mmoja baada ya mwingine. Sikuwa nimeongeza hata jiwe.

Kamera nilifundishwa na jiko la bibi, Uyole, Mbeya. Ukitoka juani ukaingia mle, kwanza huoni kitu. Unasimama mlangoni. Mafiga yanatokea, halafu sufuria, halafu bibi mwenyewe, ambaye muda wote alikuwa akikutazama. "Ugonile, mjukuu wangu." Kamera ya gemu inaweza kuiga jicho hilo: ikiingia gizani, picha inafunguka polepole. Ikifunguka haraka mno, mlango unakuwa tundu tu ukutani. Niliipunguzia kasi mpaka zikapita sekunde tatu nzima. Mtoto wa jirani alipolijaribu gemu, alifika mlangoni akaachia vitufe bila kuambiwa, akasubiri.

Halafu kuna ukungu, ninaoupenda kuliko vyote. Asubuhi ya Juni, basi la Mbeya likipita karibu na Mafinga, miti ya paini huonekana safu mbili. Ya tatu ni kivuli, ya nne haipo. Kwenye programu ukungu hupimwa kwa uzito na kimo, nao huipunguzia mzigo kompyuta dhaifu kama yangu, maana unachokifunika si lazima ukichore. Mandhari yangu mpya ni msitu huo. Nimepanda safu tatu. Nimekaa dirishani mwa basi lile mara nyingi, na ya nne sijawahi kuiona kabla ya saa nne.