Mizani ya Mwili na Mizani ya Shairi

Neno mizani lina kazi mbili katika Kiswahili. Ni chombo cha kupimia uzito sokoni, na ni hesabu ya silabi katika mshororo. Washairi wa pwani wamelitumia kwa maana zote mbili bila kuona tofauti kubwa, kwani ubeti uliopungua silabi huudhi sikio kama vile kibaba kilichopunjwa kinavyomuudhi mnunuzi. Kwa hiyo inapodaiwa, kama inavyodaiwa mara nyingi, kwamba mwandishi akijifunza judo, karate au upinde nafsi yake hupata mizani na kalamu yake hupata nguvu, mpenzi wa ushairi ana haki ya kuuliza maswali ya sokoni. Ni mizani ipi hiyo? Nani ameishika? Na nani anayesoma uzito?

Dai lenyewe si la kubezwa. Utafiti wa tiba umeonyesha kwamba mazoezi ya mwili ya mara kwa mara huwapunguzia watu wengi dalili za huzuni na wasiwasi, na mtu aliyechoka kwa kazi ya viungo aghalabu hulala vyema kuliko yule aliyechoka kwa mawazo tu. Lakini hayo hupatikana pia kwa kuogelea, kupiga kasia au kulima. Wanaozisifu sanaa za mapigano hudai zaidi ya hapo. Husema kwamba humo mna mafunzo ya nafsi ambayo mwandishi hayapati kwingine. Ushahidi wao hutoka zaidi Japani, nchi yenye msemo wa kale unaozihesabu kalamu na upanga kuwa njia mbili za mtu mmoja. Inafaa basi kuvipima vitabu vitatu vilivyozaliwa na fikra hiyo, kimoja cha mgeni na viwili vya wenyeji.

Cha kwanza ni kijitabu cha Eugen Herrigel kuhusu Zen na fani ya upinde, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1948. Herrigel alikuwa mwalimu wa falsafa aliyefundisha katika chuo kikuu cha Sendai tangu 1924 hadi 1929, na huko alijifunza upinde kwa bingwa Awa Kenzo. Uzuri wa kitabu uko katika kurasa zake za subira. Mwanafunzi anavuta upinde na kupumua, anavuta na kupumua, na kwa muda mrefu haruhusiwi kupiga ila kwenye mzigo wa nyasi ulio hatua chache tu mbele yake, mahali ambapo haiwezekani kukosa. Aliyewahi kufundishwa utunzi na mzee mkali atazitambua kurasa hizo. Naye aliambiwa kwanza ahifadhi, kisha ahesabu, na siku ya kutunga ikaahirishwa.

Kasoro inaanza pale subira inapogeuzwa muujiza. Herrigel anasimulia kwamba mwalimu alimwambia kuwa si mtu anayefyatua mshale, bali lipo jambo lisilo na jina linalofyatua lenyewe. Kwa Kijerumani aliandika kiwakilishi kifupi kisichomlazimisha msomaji kuuliza chochote. Mfasiri wa Kiswahili hana njia hiyo ya kukwepa. Atasema inafyatua, kinafyatua au linafyatua, na kila kiambishi kitadai ngeli yake, na kila ngeli itauliza: kitu gani? Lugha ya Kiswahili humlazimisha mwandishi aseme anachokisema. Mwaka 2001 mtafiti Yamada Shoji alichapisha uchunguzi wake juu ya kisa hiki. Alionyesha kwamba Awa hakuwa mtu aliyelelewa katika mafunzo ya Zen, na kwamba Herrigel alitegemea mkalimani katika mazungumzo mazito. Alikisia pia kwamba huenda mwalimu alitamka tu jambo jepesi ambalo fundi yeyote humwambia mwanagenzi wake baada ya kazi nzuri: hivyo ndivyo! Hata ule usiku mashuhuri, ambapo Awa alipiga gizani na mshale wa pili ukaupasua wa kwanza, Awa mwenyewe alimwambia baadaye yule mkalimani kwamba ilikuwa sadfa.

Ugunduzi huo haukifuti kitabu. Unakirudisha mahali pake, na pengine unakiheshimu zaidi, kwani miaka ya kurudia pumzi moja ni jambo kubwa kuliko mshale uliopasua mshale. Lakini lipo jambo zito kuliko tafsiri. Mwaka 1937 Herrigel alijiunga na chama cha Hitler, na katika miaka ya vita alipanda hadi kuwa mkuu wa chuo kikuu cha Erlangen. Mtu huyo alikwisha jifunza kutuliza pumzi na kuusahau ubinafsi wake. Utulivu aliokuwa nao ulikuwa wa kweli, ila haukumwambia lipi ni haki na lipi ni dhuluma. Anayemwahidi kijana kwamba zoezi litamnyoosha moyo hana budi kuanza kwa kulitazama jambo hili usoni.

Kitabu cha pili ni Jua na Chuma cha Mishima Yukio, kilichotoka mwaka 1968. Mishima alizaliwa Tokyo mwaka 1925, akakulia ndani chini ya uangalizi wa bibi yake, mtoto dhaifu aliyeyajua maneno kabla ya kuujua uwanja. Mwaka 1955 alianza kunyanyua vyuma, kisha akaingia kendo, mchezo wa panga za mianzi, na kufikia daraja la tano. Hoja ya kitabu chake ni kwamba maneno yalimfikia mapema mno na kumla kama mchwa alavyo mbao, hata akalazimika kujijengea mwili akiwa mtu mzima ili awe na kitu ambacho maneno hayakukitafuna. Ni hoja inayomgusa kila aliyeishi kwa kalamu, na imeandikwa kwa ukali unaostahili sifa.

Fauka ya hayo, kwa upande wa kazi zoezi lilifaulu. Mishima aliandika usiku baada ya usiku, alitimiza ahadi zake kwa wachapishaji, na riwaya zake nne za mwisho ni jengo ambalo mtu asiye na nidhamu asingelimaliza. Lakini sehemu ya mwisho ya jengo hilo aliikabidhi siku ileile ya tarehe 25 Novemba 1970, alipoingia kambi ya jeshi ya Ichigaya na wafuasi wake wachache, akawahutubia askari waliomzomea, kisha akajiua. Alikuwa na miaka 45.

Ni dhuluma kuulaumu upanga wa mianzi kwa kifo hicho, na ni wepesi wa akili kudhani kwamba sababu yake ilikuwa moja. Kinachoweza kuhukumiwa ni kitabu. Humo mna jua, mna chuma, mna misuli, na kote mwandishi anajitazama. Hasimu anapotajwa, upesi anaacha kuwa mtu mwenye jasho na pumzi na kuwa wazo, na wazo hilo hatimaye ni kifo. Hakuna mahali ambapo mwenzake anampiga kipigo halali, akainama, akashukuru, na wakaanza tena. Kwa hiyo kisa cha Mishima kinafundisha kutenganisha mambo mawili ambayo husifiwa kwa pumzi moja: zoezi linaweza kuilinda kazi na lisiilinde nafsi. Mwandishi anaweza kutoa kurasa zake kila usiku bila kukosa ilhali ndani yake anazama. Rafiki zake wasizihesabu kurasa hizo kuwa dalili ya afya, wala wasidhani kwamba ukumbi wa mazoezi unachukua nafasi ya daktari.

Kitabu cha tatu ni cha kale. Miyamoto Musashi alianza kukiandika mwaka 1643 katika pango karibu na Kumamoto, akakimaliza mwaka 1645 muda mfupi kabla ya kufa. Hakuwa mtu wa kuoneshwa watoto kama mfano wa upole. Kwa maelezo yake alipigana zaidi ya mara sitini kabla ya kufikia miaka 30, na katika mapambano hayo watu walikufa. Thamani ya kitabu iko katika hesabu anayojifanyia mwenyewe. Alipotimiza miaka 30 alitazama nyuma na kuona kwamba ushindi wake haukuthibitisha ujuzi. Huenda alisaidiwa na kipawa, au huenda waliompinga walikuwa na upungufu. Kisha akafanya mazoezi asubuhi na jioni kwa miaka ishirini hivi mpaka akaridhika kwamba ameelewa. Ni nadra mshindi kuutilia shaka ushindi wake, na ni nadra zaidi mshairi aliyepigiwa makofi kujiuliza kama makofi yale yalikuwa ya shairi au ya sauti yake nzuri.

Musashi alichora pia, na alisema hakuwa na mwalimu katika sanaa hizo. Mchoro wake unaojulikana sana unamwonyesha mbwigu juu ya tawi kavu. Tawi limepandishwa kwa mkupuo mmoja mrefu wa wino, ndege ametulia juu yake, na chini ya ndege kiwavi kidogo kinapanda. Wino ukishagusa karatasi haufutiki, kwa hiyo mkono uliofunzwa kutosita ulikuwa na faida hapo. Hata hivyo kinachoupa mchoro uhai si kasi, ni kungoja. Ndege bado hajashuka, na kiwavi bado hakijui. Mpiganaji alileta kwenye karatasi kitu alichokijua barabara, yaani ule muda mfupi kabla ya tendo, na hakuongeza chochote.

Vitabu hivi vitatu vikiwekwa pamoja, jibu la maswali ya sokoni linaanza kuonekana. Herrigel aliishika mizani na kudai kwamba uzito unasomwa na jambo lisilo na jina. Mishima aliishika na kuusoma mwenyewe kwenye kioo. Musashi aliacha uzito usomwe na aliyesimama mbele yake, na hata hapo akashuku kwamba huenda mizani imeegemea upande wake. Faida ambayo zoezi la mapigano linampa mwandishi, na ambayo kuogelea peke yake hakumpi, ni huyu msomaji wa uzito. Mtu hawezi kujidanganya kwamba amesimama imara ilhali mwenzake amekwisha mlaza chali.

Kano Jigoro, aliyeasisi judo mjini Tokyo mwaka 1882, alilijenga jambo hili ndani ya mafunzo. Somo la mwanzo ni kuanguka. Baada yake kuna kata, miondoko iliyopangwa ambayo wawili huirudia kwa utaratibu usiobadilika, na kuna randori, mchezo wa huru ambao hakuna ajuaye mwenzake atafanya nini. Kano alifananisha kata na sarufi, na randori na utungaji wa insha. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili akisikia hivyo atakumbuka ugomvi wa nyumbani. Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974. Tangu hapo vijana wameambiwa wachague, ama vina na mizani, ama uhuru. Kwenye mkeka wa judo uchaguzi huo hauna maana. Mwenye kata bila randori amejua kucheza na kivuli, na mwenye randori bila kata huumia mapema na kuwaumiza wenzake. Anayevunja arudhi bila kuwahi kuitii haonekani amevunja kitu.

Pwani haikuhitaji kungoja Japani ili iyajue haya. Katika kirumbizi wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo, zumari na ngoma zikilia, na kila mmoja hupimwa na mwenzake mbele ya watazamaji. Katika ushairi wa kujibizana, aliyetupa fumbo hulala akijua kwamba kesho litafumbuliwa na mtu asiyemwonea haya. Muyaka wa Mombasa alizipiga nyingi za beti zake kuelekea Lamu, na makali yake yalinolewa na waliokuwa na uwezo wa kumrudishia. Hata Fumo Liyongo, ambaye kwa masimulizi alikuwa bingwa wa upinde na bingwa wa tungo katika mwili mmoja, hakutoka kifungoni kwa nguvu zake tu. Alituma maneno kwa kijakazi Saada, tupa ikaletwa ndani ya mkate, na sauti ya kukereza minyororo ikafunikwa na watu waliokuwa nje wakiimba gungu alilowafundisha. Utungo ulimfungua kwa kuwa kulikuwa na wa kuuitikia.

Judo imekuwa ikifundishwa Unguja tangu miaka ya 1990, na kijana mwenye daftari la mashairi anaweza kuvua viatu na kuingia. Na aingie. Atapata usingizi, pumzi, na saa moja isiyo na maneno. Lakini achunguze kama ukumbini humo anaangushwa na watu wanaomtakia mema, na kama shairi analoliandika usiku linasomwa asubuhi na mtu awezaye kumwambia kwamba mshororo wa tatu umepungua silabi. Akiyapata yote mawili, atakuwa ameshika mizani iliyo sawa. Akilikosa la pili, na akabaki na mwili mzuri mbele ya kioo, basi vitabu hivi vitatu vimekwisha mwonya.